Tulipokwenda Kulala Kambini

Mvua ilinyesha kwenye matanga ya baba, na turubai tulilokodi likalowa hadi likaanza kunuka. Wenzangu walisogeza viti na kuziba pua kwa kanga. Mimi nilisogea karibu zaidi. Turubai lililolowa lina harufu ya udongo, mafuta ya taa na moshi wa zamani, na nilipoivuta pale pembeni, mwanamke mzima mwenye wajukuu, nilijiona tena mtoto niliyeshika sketi ya mama, napanda mlima kwenda kulala mahali ambapo watu kama sisi hawakulala. Wifi yangu aliniuliza kwa nini nacheka msibani. Jibu lenyewe ni refu, na sitaki lizikwe pamoja na baba.

Juu ya kijiji chetu, ndani kabisa ya msitu wa serikali, kulikuwa na kambi. Barabara ya kufika huko haikuwepo. Magari yaliishia kwenye uwanja wa kanisa, na kuanzia hapo ilikuwa miguu tu, asubuhi nzima, kupanda, kushuka na kupanda tena, mpaka msitu unafunguka ghafla na kuacha kiwanja cha majani laini kando ya kijito. Wazungu wa mashamba ya mkonge, joto la tambarare likiwazidi, walipanda kutoka Mombo na familia zao wakaja kukaa huko. Walikuwa wamejenga nyumba ndogo ya mbao za mkulo, vyumba viwili na kibaraza, na waliokosa nafasi ndani walipiga mahema kuizunguka. Walikuja kupumzika, ndivyo walivyosema. Baba alikuwa mmoja wa watu waliobeba mapumziko hayo kichwani.

Alibeba mahema ya turubai, akirudi nyumbani ananuka turubai lililolowa. Alibeba vitanda vya kukunja, makreti ya bia, santuri na sahani zake. Aliwahi kubeba beseni la bati la kuogea, kubwa kiasi kwamba aliona miguu yake tu njia nzima. Safari moja yeye na wenzake walimbeba bibi mmoja kwenye kiti kwa sababu viatu vyake vilimchubua. Walipofika juu, wapagazi walishuka kulala kwenye kibanda cha matawi bondeni, upande ambao moshi wa jikoni ulielekea. Maji walichota chini ya pale walipochota wageni. Kibarazani hawakukanyaga ila kwa kuweka mzigo.

Utosini baba alikuwa na kibonyeo. Nilipokuwa mdogo nilipenda kupakatwa naye ili nitie kidole changu pale, kikatulia kama yai kwenye kiota. Niliamini kila baba anazaliwa nacho. Siku moja nilimgusa baba mdogo kichwani nikakosa, nikamwonea huruma kwa kuwa si mwanaume kamili.

Hilo halikuwa kosa langu pekee la utoto. Nilipowaza kwa nini watu wenye magari na nyumba za mawe wahangaike kupanda huko juu kila mwaka, nilijipa jibu kwamba wameficha kitu huko. Kitu kizuri, ambacho ukiwa nacho huna budi kwenda kukiangalia mara kwa mara. Kisha Uhuru ukaja. Mnakumbuka, wa rika langu. Kengele ya kanisa ililia siku ambayo haikuwa Jumapili, mama zetu walicheza hadi vilemba vikaanguka, na mwinjilisti akatuambia watoto kwamba mwenge umewashwa juu ya mlima. Mlima niliokuwa naujua mimi ulikuwa wetu. Nikajua basi. Kile kitu walichokuwa wameficha kambini kinaitwa Uhuru.

Mwaka ule wazungu hawakuja. Baba alikaa na ngata yake imening'inia ukutani, mvua za vuli zikaisha, jua likatoka. Jioni moja tulipokuwa tunakula makande alisema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya chumvi, "Mama Danieli, Jumatatu tunapanda kambini. Wewe, mimi na huyu mtoto. Tunakwenda kulala."

Danieli ni kaka yangu mkubwa, wakati huo alikuwa bwenini, shule ya misheni. Mama aliweka kijiko chini.

"Kulala kwa nani?"

"Kwetu."

"Hadi lini?"

"Jumamosi. Jumapili tuwahi kanisani."

Mama alifikiri. Nilidhani atakataa, kwa kuwa viazi vilikuwa shambani vinasubiri palizi. Akauliza, "Na mizigo nani atatubebea?" Baba akamtazama, mama akamtazama, wakaanza kucheka wote wawili, kicheko ambacho sikuwahi kukisikia mle ndani, hadi mama akafuta machozi kwa ncha ya kanga na kusema, "Godoro langu nitalibeba mwenyewe. Silalii majani mimi. Wao walilalia majani?"

Kijiji kilituona tukiondoka. Baba mdogo alisimama njiani na jembe begani akacheka kwa nguvu ili majirani wasikie. "Kaka, una nyumba ya bati, unakwenda kulala porini kama mbega?"

"Wazungu walikuwa na nyumba za mawe," baba akamjibu bila kusimama. "Mbona wao hukuwauliza?"

Njia ile bado naitembea usingizini. Ilipita kwenye mashamba ya mahindi na miti ya pichesi, kisha migomba ikakoma na baridi ikaanza. Mahali fulani palifyekwa mstari mrefu, mweupe kama njia ya kugawa nywele, ambao ulikuwa mpaka wa msitu. Mama alisimama hapo na godoro la sufi kichwani. "Hapa ndipo walinzi wa msitu waliponinyang'anya panga langu," alisema. "Kwa kuni kavu. Zilizoanguka zenyewe." Sikuwa nimewahi kuisikia habari hiyo. Aliutazama ule mstari, akakusanya sketi yake, akauruka kwa miguu yote miwili kama msichana anayecheza, na godoro halikudondoka.

Ndani ya msitu mwanga ulikuwa wa kijani na ukungu ulipita katikati ya miti kama moshi wa jiko la mtu mwingine. Mbega walikoroma juu yetu. Baba alitangulia na sufuria, viazi, maharage, taa ya chemli na shoka. Nilimwona akifanya jambo la ajabu. Kila alipochoka hakutua mzigo, aliegemea ukingo wa njia akapumua kwa midomo, macho chini, kisha akaendelea. Alifanya hivyo mara kadhaa, mpaka mama akasema nyuma yake, "Baba Danieli, tua."

"Sijachoka."

"Sikusema umechoka. Nasema tua ukae. Nani anakukimbiza?"

Baba aligeuka kutazama nyuma, kweli alitazama, kana kwamba kulikuwa na mtu. Kisha akatua mzigo, akakaa kwenye gogo, akatulia. Mama akatugawia ndizi. Tulikaa hapo muda mrefu kuliko ulivyohitajika, makusudi.

Nyumba ilikuwa imefungwa kwa waya tu. Baba aliufungua, na harufu ya mbao za mkulo ikatujia usoni, kali na baridi, harufu ya kafuri. Mama alitandika godoro. Mimi sikuwa na muda wa godoro. Nilifungua kabati. Nilichungulia chini ya vitanda, nikachokoa majivu ya mahali pa moto, nikatoka nje nikaingia uvunguni mwa sakafu, nikatambaa kwenye vumbi na mayai ya mijusi. Nilipata kikombe kilichovunjika mkono na soksi moja. Nikarudi ndani nalia.

"Una nini wewe?" mama aliuliza.

"Haupo. Wameondoka nao."

"Wameondoka na nini?"

"Uhuru."

Mama alicheka hadi akakaa sakafuni. Baba hakucheka. Alinishika mkono akanipeleka kibarazani, akasimama kidogo mbele ya benchi lililokuwa pale, akalipangusa, akakaa, akanipakata. Ukungu ulikuwa umefunguka. Chini kabisa, kule ambako milima inakatika, ilionekana tambarare yote, rangi ya mkate, na kipande cha barabara, na vumbi la gari dogo kama chawa likielekea Mombo. Baba aliifuata ile barabara kwa kidole.

"Miaka yote hiyo," alisema, "sikujua kama kutoka hapa kunaonekana huko."

Nilimtazama nikashangaa. Alikuwa amefika hapo mara nyingi kuliko nilivyojua kuhesabu. Lakini alikuwa akifika na shingo iliyokazwa, macho kwenye visigino vya aliyemtangulia, kisha anashushwa bondeni kwenye moshi. Sikuelewa hayo siku ile. Nilichoelewa ni kwamba baba amepata alichokuja kutafuta, nami nikanyamaza kulia.

Kesho yake mchana bwana miti alikuja. Ndivyo tulivyomwita msimamizi wa msitu. Wa zamani alikuwa mzungu, huyu alikuwa kijana wetu, Mwafrika mwenzetu, kaptula ya kaki imepigwa pasi na buti mpya zinazombana. Alitokeza mitini, akaona kanga za mama zimeanikwa kwenye kibaraza, akasimama.

"Nani kawaruhusu kuingia humu?"

Mama alikuwa mlangoni anamenya viazi. Hakuinua macho. "Nasikia sauti ya mtu. Sijasikia salamu."

Kijana akashusha sauti. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na huyu hapa?"

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," baba alisema. "Karibu kiazi."

Hakukaa. Alisema nyumba hiyo ni ya wageni wenye kibali. Baba akauliza wageni gani. Watakaokuja, akasema kijana. Baba akasema, "Sisi tumekuja."

"Ninyi si wageni. Ninyi ni watu wa hapo chini."

Hapo mama aliinua kichwa. "Ndiyo, ni wa hapo chini. Sasa mtu wa hapo chini akilala huku juu, mti gani unakauka? Nionyeshe, bwana miti."

Nilikuwa nimejibanza nyuma yake, na jambo moja lilikuwa linanisumbua tangu jana. Nikatokeza kichwa nikamuuliza yule kijana, "Ni wewe uliyeuchukua?"

"Nimechukua nini?"

"Uhuru wetu."

Alijitazama kifuani. Akagusa kifungo cha mfuko wa shati lake, kilichokuwa kimefungwa tayari. Kisha hasira ikampata, nadhani ni ile hasira ya mtu aliyeaibishwa na mtoto, akasema tukikutwa humo asubuhi tutajuta, akaondoka na buti zake.

Tulikutwa humo asubuhi. Alikuja na askari wawili, wametota umande hadi magotini. Baba alikuwa ameshavaa koti lake la kanisani. Wakamwambia ameingia nyumba ya serikali bila ruhusa na shoka mkononi, kwa hiyo shoka, taa na sufuria vinakwenda naye kuwa ushahidi. Walivikusanya vyote kwenye tenga, na bwana miti akamwambia baba, "Haya, beba."

Baba alilitazama lile tenga. Halikuwa na uzito wowote, mimi mwenyewe ningeliweza.

"Hapana," alisema.

"Nimesema beba!"

"Kukamatwa, nimekamatwa. Nitatembea nanyi mpaka mjini, sitakimbia. Lakini kubeba, sibebi. Si leo, si tena."

Askari mmoja alimsukuma kifuani. Baba aliyumba, akarudi palepale, mikono imeshuka. Akamsukuma tena. Mama alisimama na kisu cha viazi mkononi, baba akamtikisia kichwa, mama akakaa. Sijui ilichukua muda gani. Mimi nilijikojolea. Mwishowe yule askari mwingine, mtu mzima mwenye mvi, alisema kwa uchovu, "Kijana, lichukue tenga lako twende, mvua inakuja." Bwana miti akaliinua. Hakujua hata kuliweka kichwani. Alilikumbatia tumboni, na taa ikawa inamgonga kidevuni.

Baba alimgeukia mama. "Tulisema Jumamosi."

"Tulisema."

"Basi Jumamosi."

Wakaingia msituni. Nilingoja mama aanze kufunga godoro. Hakufunga. Alinivua nguo akaniosha kijitoni, juu kabisa, pale walipokuwa wakichota wageni, kisha akaingia kuchochea moto na kuchoma viazi kwenye majivu kwa kuwa sufuria haikuwepo. Nilipomuuliza kama hatuendi nyumbani alinijibu kwa Kishambaa, lugha aliyoitumia akiwa amekasirika au akiomba, kwamba mtu aliyepelekwa mahabusu kwa ajili ya kitanda, kitanda chake hakiachwi kitupu.

Habari zilifika kijijini kabla ya baba kufika mjini, maana walipita naye uwanja wa kanisa mchana kweupe. Siku ya pili yake tulisikia sauti za wanawake chini ya njia, wakiitana kwenye ukungu. Walikuwa wa kwaya ya mama na majirani, na mke wa yule baba mdogo akiwa mbele, wamebeba unga, sufuria na kanga za kumfunika kama mjane, kwa sababu waliamini wanakuja kumtelemsha mtu aliyevunjika. Walimkuta amekaa kwenye benchi la kibarazani, miguu imenyooshwa.

"Tumekuja kukuchukua," alisema mke wa baba mdogo.

"Kunichukua wapi? Jumamosi bado. Tueni mizigo, mkae."

Walisimama wakatazamana. Wengi wao walikuwa wameishi maisha yao yote chini ya msitu ule na hawajawahi kuvuka ule mstari mweupe bila woga. Mmoja akauliza kama ni kweli kuna vitanda. Mama akasema vipo, na pakijaa kuna sakafu, mbao zake hazina kunguni. Mke wa baba mdogo akapanda kibarazani, akakaa kwenye benchi kwa ncha ya makalio, kisha akakaa vizuri. "Yoo!" akasema. "Kumbe Mombo iko pale!" Baada ya hapo hakuna aliyeongea habari ya kushuka.

Bwana miti aliporudi kutufukuza alikuta wamama wamejaa kibaraza na majani yote ya mbele, wanapika, wanasukana, wanaimba nyimbo za ibada kwa sauti nne. Alisimama mbali. Wimbo ukakatika. Hakuna aliyemsemesha, walimtazama tu, wakisubiri. Naye alilelewa, kwa heshima hiyo nitamtetea. Alipita kwa kila mmoja wao, "Shikamoo, mama. Shikamoo, mama," marahaba ikafuata marahaba, na alipofika mwisho hasira yote aliyopanda nayo ilikuwa imekwisha. Alikunywa chai. Akashuka.

Jumamosi tulifagia nyumba, tukaufunga mlango kwa ule waya, tukarudi.

Sitaki kusema tulishinda bila kulipa. Baba alikaa ndani wiki kadhaa, akifyeka majani kando ya barabara mjini, na watu waliomfahamu walipita wakijifanya hawamwoni. Alirudi amenyolewa, ana kikohozi ambacho hakikumwacha tena hadi kufa. Palizi ilitupita, viazi vyetu mwaka ule vilikuwa vidogo kama gololi. Baba mdogo alisema hadharani kwamba kaka yake ni mjinga, akafa akiamini hivyo. Wapo hata leo watakaoniambia ilikuwa kiburi tu, kwenda jela kwa ajili ya kulala kwenye mbao. Nawaambia walale kwanza pale bondeni kwenye moshi miaka aliyolala yeye, ndipo waje tuzungumze kiburi.

Ukaja wakati wa Ujamaa. Nyumba zikagawanywa kumikumi, na watu wa kwetu wakamchagua baba kuwa balozi, nadhani kwa sababu hiyohiyo ya kiburi. Nilikuwa nimeshakuwa msichana wa darasa la saba siku kiongozi mmoja kutoka mjini alipofika kwenye uwanja wa kanisa. Siku iliyotangulia alikuwa ametuhutubia kuhusu kujitegemea, hotuba nzuri, tulipiga makofi. Sasa alikuwa amesimama kando ya gari na sanduku la ngozi, amesikia kuna mahali juu huko pa kupumzika, hewa safi, na maji baridi.

"Ndugu balozi," akamwambia baba, "nipatie vijana wawili wa kubeba."

"Vijana wapo shambani, ndugu. Lakini njia naijua, nitakupeleka mwenyewe."

"Vizuri sana," akasema kiongozi, akamsogezea lile sanduku kwa mguu.

Baba hakuinama. "Jana nilikusikiliza kwa makini," alisema kwa upole. "Nikaona umesema kweli tupu."

Watu walikuwa wengi uwanjani. Kiongozi alitazama gari lake, akatazama mlima, akatutazama sisi. Mama alitoka kwenye kundi, akasokota majani ya mgomba yakawa ngata safi, akamwekea kiongozi kichwani kwa mikono yake mwenyewe kama anavyomwekea mtoto, akamsaidia kuinua sanduku.

Mimi nilifuata nyuma yao. Baba alikuwa mbele, mikono mfukoni, anaangalia juu kwenye matawi, mara anasimama kunionyesha ndege. Tulipovuka ule mpaka wa msitu kiongozi aliegemea ukingo wa njia, shati limemganda mgongoni, akauliza kwa sauti ndogo kama bado ni mbali.

Baba alifikiri kwa haki kabla ya kumjibu.

"Kwa aliyebeba," alisema, "bado ni mbali."